Majina Mengi, Viwanda Vichache: Kuchagua Kiyoyozi cha Nyumba Nzima Texas

Julai na Agosti mjini Houston joto hufika nyuzi 35 za Selsiasi na kupita, na hewa hujaa unyevu utokao Ghuba ya Meksiko. Mtu aliyekulia Mombasa au Dar es Salaam halishangai joto la namna hiyo. Kinachomshangaza ni nyumba yote kupozwa na mfumo mmoja: sanduku la chuma lenye feni limekaa uani, koili na feni nyingine zimefichwa darini, na mifereji ya hewa inapita chini ya paa kwenda kila chumba. Kwao pwani watu hufunga kiyoyozi chumba kwa chumba. Huanzia cha kulala, sebule husubiri fedha zipatikane. Texas kiyoyozi kikifa katikati ya majira ya joto, hakuna chumba cha kukimbilia.

Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili zimekaa Texas miaka hii: Wakenya, Watanzania, na Wakongomani waliopokewa huko kama wakimbizi. Wanaponunua nyumba, mara nyingi ni nyumba yenye kiyoyozi kilichochoka, na baada ya miaka michache mafundi wanaitwa kutoa makadirio. Mmoja anakuja na Carrier, wa pili na Trane, wa tatu na Goodman kwa bei nafuu zaidi. Tofauti kati yao inaweza kufika maelfu ya dola, na kila fundi anaapa kwamba yake ndiyo bora. Mwenye nyumba anabaki na swali moja: chapa ipi?

Swali hilo lina jibu fupi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu wanaotengeneza ni wachache. Carrier, kampuni iliyoanzishwa 1915, hutengeneza pia Bryant na Payne, na tangu iliponunua International Comfort Products mwaka 1999, hata Heil, Tempstar na Comfortmaker ni zake. Trane na American Standard ni ndugu wa tumbo moja. Rheem na Ruud nazo ni za nyumba moja, na mmiliki wao tangu 1988 ni kampuni ya Kijapani iitwayo Paloma. Goodman na Amana zilinunuliwa na Daikin ya Osaka mwaka 2012 kwa dola bilioni 3.7, na leo zinatoka katika kiwanda kikubwa cha Daikin kilichoko Waller, kaskazini-magharibi mwa Houston. York, iliyokuwa ya Johnson Controls, ilihamia mikononi mwa Bosch ya Ujerumani mwaka 2025. Lennox, iliyoanzia Marshalltown katika jimbo la Iowa mwaka 1895, bado inasimama peke yake na makao yake makuu yako Richardson, Texas.

Kwa hiyo anayelipa zaidi kwa sababu ya jina la Carrier, huku fundi mwingine akimwonyesha Bryant ya daraja lilelile kwa bei ya chini, anapaswa kuuliza analipia nini hasa. Mara nyingi ni unga wa kinu kimoja uliotiwa kwenye mifuko ya rangi mbili. Tena ndani ya sanduku, kompresa, ambayo ndiyo kifaa ghali kuliko vyote, huenda haikutengenezwa na mwenye jina lililoandikwa nje. Kampuni kadhaa zinazoshindana hununua kompresa kwa Copeland, wauzaji walewale kwa wote.

Hapo ndipo mazungumzo yanapaswa kuhama kutoka kwenye jina kwenda kwenye kazi ya fundi. Kiyoyozi cha dirishani hutoka dukani kikiwa kimekamilika. Cha nyumba nzima hutoka kiwandani nusu. Nusu iliyobaki hukamilishiwa uani na darini, na mtu mwenye mtungi wa gesi na chuma cha kuchomelea. Mashine ya kifahari ikifungwa vibaya itakula umeme na kufa mapema, na ile ya bei ya chini ikifungwa kwa uangalifu itapoza vizuri kwa miaka mingi.

Kosa la kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote, ni ukubwa. Viyoyozi hivi hupimwa kwa tani, na tani moja ni BTU 12,000 kwa saa, sawasawa na kile kiyoyozi cha ukutani ambacho familia nyingi za Dar es Salaam hufunga. Kipimo hicho kilitokana na biashara ya barafu: ni nguvu ya kuyeyusha tani moja ya Kimarekani ya barafu, yaani kama kilo 907, kwa saa 24. Mafundi wengi wana kanuni ya haraka ya tani moja kwa kila futi za mraba 500, hivyo nyumba ya futi 2,000 inaandikiwa tani nne kabla fundi hajaingia hata mlangoni. Nyumba ileile ikiwa na madirisha mazuri, kivuli cha miti na dari yenye vihami joto vizuri, huenda inahitaji tatu tu.

Wengine husema kikizidi si hasara, kitapoza upesi. Kitapoza upesi kweli, na hapo ndipo shida ilipo. Kiyoyozi kina kazi mbili, kushusha joto na kukausha hewa. Unyevu hunaswa kwenye koili baridi na kudondoka kama maji, na kazi hiyo inahitaji muda. Mashine iliyozidi ukubwa huwaka, hushusha joto ndani ya dakika chache, huzima, kisha huwaka tena. Themostati inaonyesha nyuzi nzuri lakini mashuka yana unyevunyevu, ukungu unaota kwenye kona za kabati, na kompresa inachoshwa na kule kuwaka na kuzima. Kwa mji kama Houston, hilo ni kosa la kulipia miaka kumi na tano.

Inafaa kukumbuka kwamba kiyoyozi cha kisasa kilizaliwa kwa ajili ya unyevu hasa. Mwaka 1902 kiwanda kimoja cha uchapaji huko Brooklyn, New York, kilikuwa kikihangaishwa na karatasi zilizotanuka na kunywea kadiri unyevu ulivyobadilika, hata rangi zikakataa kukaa mahali pake. Mhandisi kijana, Willis Carrier, ndiye aliyebuni mtambo wa kuudhibiti.

Njia sahihi ya kupata ukubwa ipo na ina jina: Manual J, utaratibu wa chama cha makandarasi wa viyoyozi cha Marekani, ACCA. Fundi hupima kuta, huhesabu madirisha na kuangalia yanaelekea wapi, hukagua vihami joto vya darini, huuliza wakazi ni wangapi, kisha huingiza vyote kwenye programu. Anayetaja tani kwa kutazama bamba la mashine ya zamani anarudia kosa la aliyemtangulia. Mwenye nyumba ana haki ya kuomba hesabu hiyo kwa maandishi, na anayekataa kuitoa amekwisha kujieleza.

Baada ya ukubwa huja mifereji. Takwimu za mpango wa serikali ya Marekani uitwao Energy Star zinaonyesha kuwa katika nyumba ya kawaida asilimia 20 hadi 30 ya hewa inayopita kwenye mifereji hupotea kwa matundu na viungo vilivyoachia. Texas mifereji hiyo iko darini, ambako joto la mchana wa kiangazi hupita nyuzi 50. Fikiria umelipia hewa baridi halafu robo yake inakwenda kuwapoza panya chini ya paa. Kuziba matundu ni kazi chafu isiyo na tangazo la televisheni, na huleta nafuu ambayo hakuna chapa inayoweza kuiuza ndani ya sanduku.

Kuna pia mambo mawili madogo ya kumtazama fundi akiyafanya. Anapochomelea mabomba ya shaba anapaswa kupitisha gesi ya naitrojeni ndani yake ili masizi yasijengeke, kwani masizi hayo ndiyo huziba vali baadaye. Na kabla ya kufungulia gesi ya kupozea lazima anyonye hewa na unyevu kwa pampu hadi kipimo kishuke kufikia mikroni 500 au chini, kisha athibitishe kuwa hakipandi. Mwenye haraka huruka yote mawili, na madhara yake huonekana baada ya miaka, mara nyingi waranti ikiwa karibu kwisha.

Gesi yenyewe ndiyo habari mpya, na chanzo chake ni Kigali. Oktoba 2016 karibu nchi 200 zilikutana katika mji mkuu huo wa Rwanda zikakubaliana kupunguza gesi za kupozea zinazopasha dunia joto. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya mwelekeo huohuo Desemba 2020, na tangu Januari 1, 2025, mifumo mipya ya majumbani haitengenezwi tena kwa gesi ya R-410A. Gesi hiyo ina uwezo wa kupasha joto mara 2,088 kuliko kaboni dayoksaidi. Zilizochukua nafasi yake ni R-32 yenye 675 na R-454B yenye 466, na zote mbili zinaweza kushika moto kidogo, hivyo fundi anahitaji mafunzo na vifaa vinavyozifaa.

Hapa jina linaanza kuwa na maana. Daikin na Goodman wamechagua R-32. Carrier, Trane na Lennox wamekwenda na R-454B. Mwaka 2025 mitungi ya R-454B iliadimika Marekani na bei ikaruka, wakati waliotumia R-32 hawakuhangaika kiasi hicho. Upungufu wa aina hiyo hupita, lakini gesi huwezi kuibadilisha baada ya kufunga. Ni vyema kuuliza kabla.

Jina lina uzito pia kwenye vipuri. Lennox huuza kwa mafundi kupitia maduka yake yenyewe, wakati vipuri vya Goodman vimesambaa kwa wauzaji wengi. Mashine za daraja la juu za karibu kila kampuni, zile zenye kompresa ya inveta inayobadili mwendo, mara nyingi huzungumza na themostati ya kampuni ileile tu. Bodi ya elektroniki ya mashine kama hiyo ikiungua Jumamosi ya Agosti, duka la jirani halitakuwa nayo. Kwa familia isiyo na akiba ya dharura, mashine rahisi ya mwendo mmoja au miwili ina fadhila ambayo makaratasi ya mauzo hayaitaji: fundi yeyote anaweza kuitengeneza.

Kuhusu umeme, alama ya kutazama ni SEER2, kipimo cha ufanisi wa kiyoyozi kilichoanza kutumika 2023. Kusini mwa Marekani mashine zisizofika BTU 45,000 lazima ziwe na angalau 14.3, kaskazini ni 13.4. Kutoka 14.3 kwenda 17 hupunguza umeme wa kupozea kwa takriban asilimia 16. Houston, ambako mashine hufanya kazi miezi mingi, nyongeza hiyo inaweza kurudi. Minnesota, ambako wazungumzaji wa Kiswahili pia wapo, majira ya joto ni mafupi na hesabu hiyo haisimami kirahisi.

Wenye ndugu Muscat, Oman, wajue kwamba ushauri huu hauhami mzimamzima. Viyoyozi vya kawaida hupimwa kwa joto la nje la nyuzi 35, kiwango kiitwacho T1. Huko na katika nchi nyingine za Ghuba ya Uarabuni kiwango cha kutafuta ni T3, kinachopimwa kwa nyuzi 46. Na anayefikiria kupakia mfumo wa Marekani kwenye kontena kwenda Bagamoyo au Malindi aache. Mashine hizo zimetengenezwa kwa umeme wa hezi 60, Afrika Mashariki ni hezi 50, na kompresa ya kawaida ikilazimishwa huenda polepole, hupata moto na kuungua.

Waranti imebaki. Kampuni nyingi hutoa miaka 10 ya vipuri, lakini kwa anayesajili mashine ndani ya siku 60 au 90 tangu ifungwe. Asiyesajili hupewa mitano. Malipo ya kazi ya fundi kwa kawaida hayamo. Anayenunua nyumba yenye kiyoyozi kipya amwulize muuzaji kama waranti inahamishika na kwa masharti gani, kwa kuwa nyingi hupungua nyumba inapobadili mikono. Tarehe ya kutengenezwa na namba ya mashine zimeandikwa kwenye bamba ubavuni mwa sanduku la nje, na picha yake ipigwe kabla ya kutia saini.