Jina la Kikundi ni Mali: Tulilinde kwenye Simu

Siku hizi viazi vya Molo na mboga za Bahati hupata mnunuzi kwa WhatsApp na Facebook kabla havijafika soko la Nakuru. Hiyo ni nzuri. Lakini simu inayoleta mnunuzi inaweza pia kuvunja kikundi.

Je, inakuwaje? Mama amechelewa kurudisha mkopo. Katibu anakasirika, analipiga picha daftari na kuirusha kwa WhatsApp: jina, namba ya kitambulisho, deni. Jioni kijiji kizima kinajua. Mama haji tena mkutanoni, na deni halilipwi.

Hili si jambo la aibu tu. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Mwaka 2023 Kamishna wa Data alitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Basi tufanye hivi:

1. Kabla ya kuweka picha ya mtu, tumwombe ruhusa. Ya mtoto, tumwulize mzazi.

2. Daftari la mikopo likae kwa mweka hazina. Mwenye deni aendewe nyumbani, azungumziwe kwa heshima.

3. Mnunuzi akiandika kwamba viazi vimeoza, tusimtukane wala tusinyamaze. Tumjibu pale pale kwa upole, kisha turekebishe. Wanunuzi wengine wanasoma.

Jadilianeni kwenye mkutano ujao: ni nani ana ruhusa ya kuandika kwa jina la kikundi chetu?