Zebaki Jikoni: Kwa Nini Dhahabu Inayochomwa Nyumbani ni Hatari kwa Familia Nzima

Ukitaja afya ya jamii, wengi wanawaza chanjo za watoto au bwana afya anayekagua vyoo. Hayo yamo, ni kweli. Lakini kwa mkazi wa Segese, Halmashauri ya Msalala mkoani Shinyanga, afya ya jamii ipo pia kwenye karai la mchenjuaji wa dhahabu.

Hospitali inamtibu aliyeugua. Afya ya jamii inahangaika ili jirani yake asiugue. Zebaki inaonyesha vizuri kwa nini kazi zote mbili zinahitajika.

Zebaki inatumikaje?

Mawe yakitoka duarani yanasagwa kwenye karasha, kisha unga wake unaoshwa kwenye mwalo. Kwenye mchanga unaobaki mchenjuaji anamimina zebaki, ambayo wengine wanaiita mekyuri. Zebaki inashikana na chembe za dhahabu na kuwa donge la rangi ya fedha. Donge likichomwa, zebaki inapaa kama mvuke na dhahabu inabaki.

Ni njia rahisi, ya haraka, na haihitaji mtambo mkubwa. Ndiyo maana wachimbaji wadogo wengi wanaitumia.

Shida iko wapi?

Shida ni ule mvuke. Hauonekani, hauna harufu, wala haukuwashi koo. Anayechoma jikoni anajiona mzima kabisa, kumbe sumu imeshaingia kwenye mapafu na kupita kwenye damu hadi kwenye ubongo na figo.

Na haimpati yeye peke yake. Mvuke unavutwa na kila aliyemo ndani, na mwingine unatua sakafuni, kwenye nguo na kwenye vyombo. Mtoto anayetambaa anaugusa na kulamba vidole. Kwa mama mjamzito, zebaki inaweza kupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni, ambaye ubongo wake ndiyo kwanza unajengeka.

Dalili huja taratibu: mikono kutetemeka, kukosa usingizi, kusahausahau, hasira zisizo na sababu, kichwa kuuma. Ni rahisi mtu kudhani ni uchovu wa machimbo tu, au kwamba amerogwa.

Dunia ilijifunza kwa machungu

Mwaka 1956, katika mji wa Minamata nchini Japani, ugonjwa wa ajabu ulianza kutambuliwa. Watu walishindwa kutembea na kuzungumza, na baadaye watoto walizaliwa na ulemavu. Kiwanda kilikuwa kinamwaga taka zenye zebaki baharini, samaki wakaibeba, watu wakala samaki.

Huku kwetu njia ya namna hiyo ipo. Mvua ikisomba mchanga wa marudio hadi kwenye mto au bwawa, vijidudu vya kwenye tope vinaweza kuigeuza zebaki kuwa sumu kali zaidi inayojikusanya kwenye samaki.

Mkataba wa kimataifa wa kupunguza zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, umepewa jina la mji huo. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mwaka huohuo wa 2013, shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto wanaofanya kazi kwenye machimbo madogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya, wengine wakishika zebaki kwa mikono mitupu.

Nani anatulinda?

Sheria zipo. Sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003 inasimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa afisa afya nguvu ya kukagua na kuzuia mambo yanayohatarisha watu.

Lakini afisa afya hawezi kusimama kwenye kila jiko la Segese usiku na mchana. Sehemu kubwa ya ulinzi inabaki kwetu wenyewe.

Mambo ya kufanya kuanzia leo

1. Usichome donge ndani ya nyumba wala karibu na makazi. Wajawazito na watoto wakae mbali kabisa.

2. Tumia retoti. Ni chombo cha chuma kinachofungwa, chenye bomba la kupozea. Mvuke ukipoa unarudi kuwa zebaki, unaikusanya na kuitumia tena. Unalinda mapafu na mfuko pia.

3. Usitegemee barakoa ya kawaida au kitambaa. Vinapunguza vumbi, mvuke wa zebaki unapita.

4. Maziwa hayaondoi zebaki mwilini. Usijidanganye kwamba ukinywa glasi moja umejisafisha.

5. Karai la zebaki lisipikiwe wala kuoshea vyombo. Nguo za kazini zifuliwe peke yake.

6. Zebaki ikimwagika, usifagie. Ufagio unaivunja vipande vidogo na kuisambaza. Ikusanye taratibu kwa kipande cha karatasi ngumu, iweke kwenye chombo chenye mfuniko, kisha fungua milango na madirisha.

7. Ukienda kliniki au zahanati, mwambie mhudumu kwamba nyumbani kwenu kunachomwa dhahabu. Asipojua hilo, ni vigumu kuunganisha dalili zako na zebaki.

Hakuna anayesema uchimbaji ufe. Watoto wanasomeshwa kwa dhahabu hiyo. Ila kama nyumbani kuna mjamzito au mtoto mdogo, la kwanza kabisa ni hili: karai la zebaki litoke jikoni leo.