Faili la wakulima lifunguliwe na nani?

Msimu wa kahawa ukikaribia, kila chama cha msingi cha ushirika, AMCOS kama tulivyozoea kukiita, huwa na faili moja ambalo kila mtu analitaka. Katika kata kama Kamuli, wilayani Kyerwa mkoani Kagera, faili la aina hiyo kwa kawaida ni jedwali la Excel: jina la mkulima, simu, kitongoji, idadi ya mibuni, kilo alizopeleka msimu uliopita, akaunti ya benki, na deni la pembejeo kama lipo. Siku hizi kuna safu nyingine inayodaiwa, ya mahali shamba lilipo. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kuzuia ukataji misitu, iliyopitishwa 2023, inataka kahawa inayoingia huko ijulikane imetoka shamba gani, na kwamba shamba hilo halikupatikana kwa kufyeka msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini kazi ya kukusanya taarifa haiwezi kungoja siku ya mwisho. Kwa shamba lisilozidi hekta 4, nukta moja ya GPS inatosha, na wakulima wetu wengi hawafiki hata nusu ya hapo.

Faili hilo halitulii. Karani wa mizani anamrushia katibu meneja kwa WhatsApp. Katibu meneja analihamishia kwenye flashi na kwenda nalo Kayanga, kwenye chama kikuu, KDCU. Benki inataka nakala yake ili ilipe, mkaguzi anataka ya kwake, afisa ushirika naye asisahauliwe. Msimu ukiisha, nakala zimebaki kwenye simu za watu ambao hawamo tena kwenye bodi, na hakuna anayeweza kusema ziko ngapi.

Kuna anayeuliza: orodha ya wakulima wa kahawa ya maganda ina siri gani? Jibu analo mnunuzi wa butura. Msomaji wa Kagera hahitaji kuelezwa, lakini kwa walio mbali, butura ni kununua kahawa ingali maua au mbichi mtini, kwa bei ya kutupa, kutoka kwa mtu aliyebanwa na ada ya shule au ugonjwa. Serikali imeipiga marufuku, nayo haijafa. Leo mfanyabiashara huyo hupita mlango kwa mlango akibahatisha. Mpe jedwali lile uone: safu ya deni inamwonyesha nani amekabwa, ya kilo inamwonyesha nani ana mzigo wa maana, ya simu inampunguzia safari. Anayevusha kahawa kwa magendo kwenda Uganda atafurahia safu hizo hizo. Tapeli wa simu hataki hata kilo. Akijua tu kwamba ulipeleka gunia ngapi na benki yako ni ipi, akakupigia na kujitambulisha kuwa ni mtu wa chama anayeshughulikia malipo yako ya pili, utamwamini.

Kinga ya kwanza ambayo watu huitaja ni nywila, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Excel ina aina kadhaa za nywila na hazifanani kabisa. Ile ya kulinda karatasi, inayomzuia mtu kubadilisha seli, haifichi chochote. Imewekwa kuzuia makosa ya kidole, na mwenye nia mbaya anaiondoa kwa dakika chache. Ile ya kuzuia mabadiliko kwenye faili zima nayo haifichi. Inayoficha kweli ni nywila ya kufungulia faili, na hiyo pia inategemea aina ya faili. Faili la zamani la .xls lilitumia ufunguo mfupi ambao kompyuta ya leo inauvunja bila jasho. Kuanzia Office ya 2007, faili la .xlsx linatumia AES, kanuni ya usimbaji fiche iliyobuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na kupitishwa rasmi na Marekani mwaka 2001. Ukitumia AES yenye ufunguo wa biti 256, idadi ya funguo zinazowezekana ni namba yenye tarakimu 78. Hakuna atakayezijaribu zote. Atakachojaribu ni mwaka wako wa kuzaliwa na neno “kahawa123”.

Tuseme basi chama kimeweka nywila nzuri. Itabidi kiwape benki, mkaguzi, karani na kila anayehusika, na itatumwa kwa WhatsApp ile ile iliyopeleka faili. Aliyeipata mara moja anayo milele. WhatsApp yenyewe husimba ujumbe wako unapokuwa njiani, tangu 2016 ni hivyo kwa watumiaji wote, ila kazi yake huishia mkononi mwa mpokeaji. Na BitLocker, inayosimba diski nzima ya kompyuta, ni nzuri sana kompyuta ikiibwa kwenye basi, lakini karani akishaingia na kunakili faili kwenye flashi ya kawaida, linatoka wazi. Ulinzi wote huo ni kufuli la mlango wa ghala. Gunia likishatoka nje, ni la aliyelibeba.

Mfumo ninaouzungumzia leo unafunga gunia lenyewe. Unaandika kanuni mara moja: kila faili litakalowekwa kwenye folda ya “Wakulima”, au lenye namba zinazofanana na akaunti za benki, lisimbwe lenyewe bila mtu kukumbuka. Kila faili linapata ufunguo wake, na ufunguo huo nao unafungwa ili seva pekee iweze kuutoa. Mtu akibonyeza faili, popote lilipo, kwenye flashi au kwenye barua pepe iliyopotea njia, programu inaiuliza seva: huyu ni nani, na anaruhusiwa nini? Mhasibu atasoma na kuandika. Mkaguzi atasoma tu, bila kuchapisha wala kunakili, mpaka tarehe ya ukaguzi ipite. Aliyeondoka kwenye bodi anapata herufi zisizosomeka, ingawa faili bado liko kwenye simu yake. Microsoft Purview hufanya kazi hiyo kwa mafaili ya Office, na kampuni nyingine zina zao.

Kabla hujatoa pesa, jiulize kuhusu mtandao. Mfumo unaoiuliza seva unahitaji intaneti, na kata za pembezoni tunazijua. Watengenezaji wamelifikiria hilo: ukishafungua faili mara moja, kibali hukaa kwenye kompyuta yako kwa muda, na kwa Microsoft muda wa kawaida ni siku 30. Hizo ni siku 30 za kufanya kazi hata mnara ukizima. Lakini pia ni siku 30 ambazo karani aliyefukuzwa jana anaweza kuendelea kusoma. Bodi ndiyo iamue. Ningekuwa mimi, kwa faili la akaunti ningeshusha muda huo hadi siku 3 au 4 na kuvumilia malalamiko.

Jambo la pili halihusu programu kabisa. Zana hizi, kwa kawaida, hulinda faili zima, hazikuchagulii safu. Jedwali moja lenye kila kitu likifunguliwa kwa karani wa mizani, limefunguka lote, akaunti na madeni. Kwa hiyo livunje. Faili moja la majina na simu, jingine la kilo, la tatu la akaunti na madeni, la nne la nukta za mashamba, yote yakiunganishwa na namba ya uanachama tu. Hapo karani ataandika kilo bila kuona akaunti ya jirani yake, na mnunuzi wa ng'ambo atapata nukta bila simu. (Msijidanganye kwamba nukta haina jina. Kijijini, ukitaja kilima na upande wa mto, mtoto wa darasa la tatu atakwambia ni shamba la nani.) Ruhusa nazo zifuate cheo, zisifuate mtu. Ukiandika “mhasibu wa chama” badala ya jina lake, akibadilishwa unahamisha cheo mara moja na mafaili yote yanafuata.

Sheria nayo imefika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuzilinda, na miamala ya fedha ya mtu imo kwenye kundi la taarifa nyeti. Chama cha ushirika hakijaachwa nje.

Kwa chama kisicho na uwezo wa kulipia leseni kila mwezi, ipo Cryptomator, programu isiyolipiwa kwenye kompyuta, inayosimba kila kinachoingia kwenye folda uliyoiteua. Upungufu wake ni kwamba wote wanaoshiriki folda hutumia nywila moja, na kumwondoa mmoja ni kutengeneza folda mpya na kuhamisha kila kitu. Kwa watu watatu ofisini inafaa. Kwa chama kikuu chenye vyama vya msingi vingi haifai.

Na hakuna programu inayomzuia mtu kupiga picha kioo cha kompyuta kwa simu yake. Baadhi ya mifumo huandika jina la msomaji kwa wino hafifu juu ya ukurasa mzima, picha ikisambaa ijulikane imetoka kwa nani. Haizuii, ila inamfanya mtu afikiri mara mbili.

Linaloniogopesha zaidi ni kinyume cha kuvuja: mwenye ufunguo mkuu akifariki, au akiondoka kwa ugomvi, chama kinabaki na mafaili ambayo hata chenyewe hakiwezi kuyafungua, na AES haijui huruma. Ufunguo wa dharura uandikwe kwenye karatasi, ugawanywe kwa watu wawili wasio ofisi moja, mmoja awe nje ya bodi, na kikao cha bodi kiweke kwenye muhtasari ni nani na nani. Mara moja kwa mwaka, kabla mizani haijaanza kupima, wakae pamoja wafungue faili moja kwa ufunguo huo waone kama bado unafanya kazi.