Kiyoyozi cha Same, Mvua ya Mbaga

Mji wa Same hauna mvua ya kutosha. Umekaa nyuma ya milima ya Upare Kusini, upande ambao mawingu ya Bahari ya Hindi hufika yakiwa yameshamwaga mzigo wake kwingine. Anayetoka Dar es Salaam kwa barabara kuu huanza kuuona ukame huo akipita Hedaru na Makanya: mkonge, miti ya miiba, vumbi jekundu, jua. Lakini akikunja kulia pale mjini na kupanda kupitia Mwembe hadi Mbaga, nchi inageuka. Migomba inaanza, ukungu unashuka barabarani, na juu zaidi upo msitu wa Chome uliofunika kilele cha Shengena, mita 2,462 kutoka usawa wa bahari.

Mpando huo ndio mtihani wa kampa, yale magari ya wageni yenye kitanda na jiko ndani na kiyoyozi juu ya paa. Gari la namna hii linaweza kuzunguka tambarare kiangazi chote, likaingia na kutoka Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi kwa lango la Zange, na mwenyewe asijue kwamba mpira ulio chini ya kiyoyozi umekwisha. Nani amwambie, wakati mvua hakuna? Mchana mashine inanguruma kwa sababu bila hiyo ndani hakukaliki. Kisha anapanda Mbaga kufuata baridi, anakizima kiyoyozi, anajifunika blanketi mbili, na usiku wa manane anadondokewa na maji usoni. Mashine aliyoihitaji Same imemwadhibu mahali ambapo hana haja nayo kabisa.

Ukitazama kinavyofungwa, utashangaa kwamba si kila gari linavuja. Paa la gari limekatwa tundu la mraba. Magari ya Marekani hutumia tundu la inchi 14 kwa 14. Ya Ulaya mengi ni sentimita 40 kwa 40. Juu ya tundu hilo unalazwa mpira wa sponji, ambao gereji zote huuita gasketi, na juu ya mpira kinakaa kiyoyozi chenye uzito wa kilo 30 hadi 50. Hakuna gundi. Bolti ndefu, kwa kawaida nne, hupita kutoka ndani ya gari na kukivuta kiyoyozi chini mpaka mpira ubanwe. Maji yote ya mvua yanazuiwa na mbano huo tu.

Sasa chukua mbano huo uupitishe kwenye joto la tambarare, halafu uutikise kwa barabara ya mawe. Mpira uliobanwa miaka mingi husahau kurudi juu, hubaki bapa kama chapati. Bolti nazo hulegea kidogo kidogo. Vumbi la Same linaingia chini ya kifuniko na kujaza vitundu vya kutolea maji, na mvua ya kwanza ya vuli inaligeuza tope. Maji yanapokosa njia yanajaa kwenye sinia la chini ya mashine, na gari likiwa limeegeshwa kwenye mteremko, kama ilivyo karibu kila mahali huko milimani, yanamwagikia upande wa tundu.

Kwa hiyo swali la kwanza si gasketi itapatikana wapi. Swali ni maji haya yanatoka wapi. Yakidondoka siku kavu wakati kiyoyozi kinafanya kazi, hayo si ya mvua. Ni unyevu wa hewa ya ndani uliogeuka maji kwenye mabomba ya baridi, na dawa yake ni kuzibua vitundu na kusafisha chujio, si kubadili mpira. Yakidondoka wakati wa mvua na mashine imezimwa, hapo mpira unashukiwa. Unashukiwa tu, maana paa la kampa lina matundu mengine: skrubu za paneli ya sola, dirisha la juu, antena, maungio ya pembeni. Wapare, ambao kwa vizazi wamekinga maji ya vijito kwenye ndiva, mabwawa yao madogo, usiku ili wayafungulie mashamba asubuhi, hawahitaji kuambiwa kwamba maji hutokea mbali na yalikoingilia.

Wasafiri wa mabasi wanaujua mkasa huu bila kumiliki kampa. Basi linapita Same jua likiwaka, wingu halipo, na abiria wa kiti cha dirishani anadondokewa begani. Konda anamhamisha kiti, akikosa kiti anampa kitambaa. Mara nyingi ni bomba la kutolea maji ya kiyoyozi lililoziba vumbi, kazi ndogo ya kuzibua ambayo hungoja mpaka abiria wagombe.

Kinachonikera mimi ni silikoni. Gari likivuja, mtu wa kwanza kupanda juu hupanda na mrija wa silikoni, akazungushia kiyoyozi chote kama anapamba keki. Wiki ya kwanza hakuvuji na kila mtu anafurahi. Ila maji ya mashine yenyewe yalipaswa kutokea pembezoni hapo hapo. Sasa yamefungiwa ndani, njia iliyobaki ni tundu, na anayekuja baadaye kubadili mpira lazima aanze kwa kubandua ule uchafu wote. Lami ni mbaya zaidi. Sponji ya godoro, ambayo nayo hujaribiwa, hunyonya maji na kuyashika juu ya paa mpaka bati liote kutu au mbao zioze. Mpira unaofaa ni ule ambao vitundu vyake havikuungana, usiopitisha maji hata ukiukata katikati.

Mpira halisi usiutafute Same. Agiza kabla ya safari, ukiwa umeshapima tundu. Aliyekwama anaweza kujaribu maduka ya mafundi viyoyozi wa Moshi au Arusha, wanaouza ule mpira mweusi wa kufunikia mabomba ya AC. Ukikatwa vizuri, pembe zikaungwa kwa gundi bila mwanya, utamfikisha nyumbani. Ni dawa ya muda lakini.

Kazi yenyewe inahitaji watu wawili na asubuhi kavu, kwa hiyo ifanywe chini Same, si Mbaga kwenye ukungu. Umeme ukatwe kwanza: waya wa nje uchomolewe, jenereta izimwe, fyuzi itolewe. Kifuniko cha ndani kinafunguliwa, waya zinapigwa picha kwa simu kabla ya kutenganishwa, kisha bolti. Kiyoyozi kinainuliwa na kulazwa juu ya turubai nyuma ya tundu. Hakikokotwi. Mpira wa zamani unakwanguliwa kwa kipande cha plastiki, maana bisibisi huchana paa, halafu pafutwe kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Hapa ndipo pa kukawia. Bonyeza paa kuzunguka tundu. Likibonyea kama mkate, mbao zimeoza, na gasketi mpya juu ya mbao zilizooza ni fedha iliyopotea.

Mpira mpya ukishakaa sawasawa, kiyoyozi kinashushwa wima. Kikiburutwa hata vidole viwili, mpira unajikunja na kazi inaanza upya. Bolti zinakazwa kwa kuvuka, pembe hii kisha ya mkabala, kidogo kidogo, hadi mpira wa unene wa inchi moja ubaki kama nusu. Fundi mwenye nguvu ndiye hatari hapa. Anayekaza mpaka spana ilie anaubana mpira ufe siku ile ile, na anaweza kupinda paa kiasi cha kutengeneza bonde ambamo maji yatatuama.

Majaribio yafanywe kabla kifuniko cha ndani hakijarudi. Mmoja juu na ndoo, mwingine ndani na tochi. Maji yamwagwe taratibu, kuanzia sehemu za chini za paa kwenda juu, ili yakiingia ijulikane yameingilia wapi. Gari liinamishwe kidogo pia, tairi za upande mmoja juu ya mbao, kwa sababu huko linakokwenda halitasimama sawa. Baada ya kupanda Mbaga na kushuka, bolti ziangaliwe tena, na vitundu vya kutolea maji vipigwe upepo kila gari linapotoka Mkomazi.