Utangulizi: Vidonge Saba vya Kahawia

Kila mwaka, siku ya kwanza ya somo langu, huwa naweka mezani pakiti moja ya vidonge vya majira na kuwaomba wanafunzi waipitishe mkono kwa mkono. Ni pakiti ya kawaida, kama zile zinazotolewa katika kliniki nyingi za uzazi wa mpango Afrika Mashariki: vidonge 28 katika safu nne. Safu tatu za mwanzo, vidonge 21, zina homoni. Safu ya nne ni vidonge saba vya kahawia visivyo na homoni hata chembe. Vina madini ya chuma tu. Kisha nauliza: mwanamke anayeugua kipandauso kila mwezi, kichwa kitamuuma akiwa safu ipi? Wanafunzi wa kike wawili watatu hujibu kabla sijamaliza kuuliza. Safu hiyo ya nne wanaijua kwa miili yao.

Kitabu hiki kinahusu safu hiyo, na swali ambalo wagonjwa waliliuliza zamani kuliko madaktari: tukiiruka na kuanza pakiti mpya, itakuwaje? Karibu, uwe muuguzi, mwanafunzi wa tiba, au mtu aliyechoka kujifungia chumbani gizani siku tatu za kila mwezi.

Kipandauso si kuumwa kichwa tu. Ni maumivu yanayopwita, mara nyingi upande mmoja, pamoja na kichefuchefu, na mwanga na sauti havivumiliki. Yasipotibiwa huweza kumlaza mtu hadi saa 72. Utotoni huwapata wavulana na wasichana karibu sawa. Wakishabalehe, wanawake huugua mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Wajawazito wengi hupata nafuu, hasa miezi ya mwisho. Wakishajifungua, mateso hurudi.

Kwa muda mrefu lawama iliangukia damu ya hedhi yenyewe. Aliyeitenganisha damu na kichwa ni daktari Brian Somerville wa Australia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1972. Aliwadunga wanawake homoni ya estrojeni siku chache kabla ya hedhi. Damu ikaja kwa wakati wake, lakini kichwa kikachelewa kuuma. Alipowapa projesteroni, mambo yakageuka: damu ikachelewa, kichwa kikauma siku ile ile kiliyoizoea. Katika fani nzima sijui jaribio dogo lililotufunulia mengi kiasi hicho. Kinachoumiza si damu. Ni estrojeni, ikishakaa juu siku kadhaa, kisha kuporomoka.

Sasa rudi kwenye pakiti. Mwanamke anapomaliza kidonge cha 21 na kuanza vile vya kahawia, homoni inaporomoka, na safari hii tumeiporomosha wenyewe. Damu anayoiona wiki hiyo si hedhi kamili, kwa kuwa hakuna yai lililopevuka. Ni utando wa mji wa mimba unaobanduka baada ya kukosa homoni. Gregory Pincus, John Rock na wenzao, waliotengeneza vidonge vya kwanza Marekani miaka ya 1950, waliona vyema kuiga mwezi wa kawaida wa mwanamke kwa kuweka mapumziko ya homoni. Mwili haukuwadai mapumziko hayo. Mwaka 1977 watafiti wa Edinburgh waliripoti juu ya wanawake waliomeza vidonge kwa mpango wa kutoka damu kila baada ya miezi mitatu. Marekani iliidhinisha pakiti ya mtindo huo mwaka 2003, na mwaka 2007 ikaidhinisha isiyo na mapumziko kabisa. Mwaka 2019 mwongozo wa wataalamu wa afya ya uzazi Uingereza ulitamka wazi kwamba mapumziko ya siku saba hayana faida yoyote kiafya.

Najua msomaji wangu wa pwani atauliza: na hiyo damu isiyotoka, inakwenda wapi? Haijazani tumboni. Homoni ikiwa haipandi na kushuka, utando hubaki mwembamba, na hakuna cha kutoka. Isitoshe, kuchelewesha siku si jambo geni kwetu. Tunao mama na shangazi waliomeza vidonge kabla ya safari ya Makka ili watufu wakiwa na tahara. Dawa yao huwa tofauti na hii, lakini ujasiri ni ule ule.

Hapa naomba tusimame kidogo. Wapo ambao kabla ya kichwa kuanza huona mng'aro unaometameta, mistari kama meno ya msumeno ikitanuka mbele ya macho, au huhisi ganzi ikipanda kutoka vidoleni hadi mdomoni, kwa dakika 5 hadi 60. Dalili hizi huitwa aura. Mwenye aura asipewe vidonge vyenye estrojeni, awe na umri wowote. Shirika la Afya Duniani limeviweka kwake katika daraja la hatari isiyokubalika, kwa sababu ya kiharusi. Asiye na aura lakini amefika miaka 35, anavuta sigara au ana shinikizo la damu, naye apimwe kwa makini. Kwa hawa zipo njia za projestini pekee, zisizo na estrojeni. Nimeona kliniki ambako swali la aura haliulizwi kabisa, na jambo hilo linaninyima usingizi.

Wanaofaa kuiruka safu ya nne nao waelezwe ukweli. Miezi ya mwanzo matone ya damu huja bila taarifa. Yakizidi, mapumziko ya siku nne hutosha badala ya saba. Na tafiti zinazoonyesha kwamba maumivu ya kichwa hupungua zinatia moyo, ila bado ni chache na nyingi ni ndogo.

Sura ya kwanza haina dawa hata moja. Inaanza na kalenda ya ukutani na kalamu mbili, nyekundu ya damu na nyeusi ya kichwa. Tia alama kwa mizunguko mitatu. Alama nyeusi zikiangukia kati ya siku mbili kabla ya damu na siku yake ya tatu, angalau katika mizunguko miwili, fungua sura ya pili.