Mshabiki wa Tabora Anamshangilia Nani?

Wapo waheshimiwa wanaodhani kwamba mazungumzo ya mpira na ya michezo ya televisheni ni maneno ya watu waliokosa kazi. Sisi hatumo katika kundi hilo. Aliyepata kukaa jioni moja katika baraza za Tabora, iwe Isevya, iwe Ng'ambo, iwe karibu na stesheni ya reli, atakuwa amesikia hukumu zikitolewa kwa ufasaha ambao hata baadhi ya mahakimu wangeutamani. Refa anashtakiwa, anatetewa, anatiwa hatiani na kukata rufaa, yote hayo kabla ya adhana ya Isha. Kocha anafukuzwa usiku na kurudishwa kazini asubuhi. Kisha maneno yanageukia tamthilia, na mzee mwenye wajukuu anaeleza kwa uchungu jinsi mke fulani wa mfalme alivyodhulumiwa katika kasri la Istanbul.

Haya ni mambo yanayowashughulisha wananchi kwa maelfu, na jambo linalowashughulisha wananchi kwa maelfu haliwezi kuwa dogo mbele ya Chama wala mbele ya Serikali. Tumeona basi leo tuyazungumze, na tumeichagua Tabora kwa sababu maalumu.

Sisi watu wa visiwani tunafungamana na Tabora kuliko tunavyokumbuka. Katika karne ya kumi na tisa dau lilivuka kutoka Unguja hadi Bagamoyo au Kaole, na kutoka hapo wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitembea kupitia Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, wakaendelea hadi Uvinza penye chumvi, mwisho Ujiji ziwani. Wazungu wawili, Burton na Speke, waliondoka pwani mwezi Juni 1857 na kuingia Kazeh, ambayo ndiyo Tabora, mwezi Novemba. Njia hiyo ilipitisha pembe, vitambaa, shanga na bunduki. Ilipitisha pia watumwa, na hilo hatuna sababu ya kulipamba. Lakini pamoja na mizigo ilipitisha habari, dini, lugha hii tunayoiandika, na ngoma.

Juu ya ngoma inafaa tukae kidogo, maana hapo ndipo lilipo shina la ushabiki. Beni ilianzia pwani, ikaingia bara hadi Tabora pamoja na vyama vyake viwili vikubwa, Marini na Arinoti. Vyama hivyo vilishindana kwa tarumbeta, kwa mavazi, kwa vyeo vya kujipa, na kwa nyimbo za kumvunjia mwenzako heshima. Jirani hapo, Usukumani, watu waligawanyika Wagika na Wagalu, na ushindi ulikuwa wa yule aliyewavuta watazamaji wengi zaidi upande wake. Kwa hiyo Yanga ilipoanzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, huko huko Kariakoo, hazikumfundisha mtu wa Tabora kuchagua upande. Zilimkuta ameshahitimu. Kwa maoni yetu, anayemtazama shabiki akipuliza vuvuzela na kuona ujinga mtupu hajapata kusoma historia ya ngoma za nchi yake.

Ilivyokuwa, kwa miaka mingi mapenzi hayo ya mbali yalilelewa na redio. Mwaka 1979 Simba ilifungwa na Mufulira Wanderers ya Zambia mabao 4-0 hapo Dar es Salaam, watu wakaifanyia matanga. Kisha ikaenda Zambia na kushinda 5-0. Habari hiyo iliingia Tabora kwa sauti tu ya Redio Tanzania, na kila msikilizaji akajitengenezea uwanja wake kichwani. Redio hiyo hiyo ndiyo iliyowachekesha kwa Pwagu na Pwaguzi. Kwetu visiwani televisheni ya rangi ilianza mapema katika miaka ya 1970, na wapo kati yetu waliozoea kujivuna kwa jambo hilo. Ndugu zetu wa Bara hawakupata kituo cha televisheni chao hadi mwaka 1994. Mtu wa Tabora aliingia katika zama za picha akiwa ameshachagua timu kwa masikio.

Siku hizi picha inafika kwa sahani iliyofungwa juu ya paa la bati. Penye umeme na penye mtu mwenye king'amuzi, hapo pana ukumbi, na vijana wameupa ukumbi huo jina la kibanda umiza, kwa sababu ya mabenchi yake. Kwa kiingilio kidogo unaiona Simba, unaiona Yanga, unaiona Arsenal ya London ambayo mashabiki wake wa Unyanyembe wanaugua maradhi yale yale wanayougua mashabiki wake wa Darajani. Tumesikia humo maoni mengi ya kipuuzi. Tumesikia pia maoni ambayo viongozi wa michezo wangefaidika nayo: kwamba kijana anauzwa kabla hajakomaa, kwamba mchezaji wa kigeni analetwa kukaa benchi, kwamba mchezo unapopangwa saa kumi alasiri katikati ya juma, mkulima na mfanyakazi wameambiwa kwa adabu wabaki kazini.

Michezo ya kulipwa yenyewe ni jambo ambalo nchi yetu haikulikubali kwa haraka. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na siasa ya miaka ile ilikuwa michezo ya ridhaa. Mchezaji alikuwa kwanza mfanyakazi wa reli, wa kiwanda, wa jeshi. Wapo wanaoicheka siasa hiyo leo. Sisi tunawakumbusha kwamba katika miaka hiyo bingwa wa Bara aliweza kutoka Morogoro, kama Mseto mwaka 1975, au kutoka Tukuyu mwaka 1986. Na ubingwa wa Muungano uliweza kuvuka maji na kuja kwa KMKM mwaka 1984, na kwa Malindi mwaka 1989 na 1992. Mwezi Mei 2021 Azam Media na Shirikisho la Mpira wa Miguu walitia saini mkataba wa miaka kumi wa kuonyesha ligi, wa shilingi bilioni 225.6. Hatuipingi fedha hiyo. Kijana anayekula kwa jasho la miguu yake anakula halali. Lakini tangu Mtibwa Sugar ya Morogoro ichukue ubingwa mwaka 1999 na 2000, kombe limetoka mikononi mwa Simba na Yanga mara moja tu, mwaka 2014, na lilikwenda Azam, ambayo nayo ni ya Dar es Salaam. Kioo cha televisheni kimemwonyesha mtu wa Tabora mengi. Kimemzoeza pia kuamini kwamba mpira ni kitu kinachotokea kwingine.

Hapa ndipo tunapolifikia jambo lenyewe. Tabora haikukosa timu. Ilikuwa na Milambo, iliyobeba jina la mtemi ambaye misafara ya pwani ilimwogopa. Msimu wa 2013/14 ilikuwa na Rhino Rangers, iliyotoka sare ya 2-2 na Simba siku ya kwanza kabisa ya ligi, mwisho wa msimu ikashuka. Mwaka 2023 timu iliyoitwa Kitayosce ilipanda. Mchezo wake wa kwanza dhidi ya Azam iliuanza na wachezaji pungufu ya kumi na moja kwa matatizo ya usajili, na mchezo ukakatishwa mapema ikiwa imefungwa mabao 4-0, kwa kuwa waliobaki uwanjani hawakutosha. Ilikuwa aibu, na tuseme hivyo. Timu ikaitwa Tabora United. Tarehe 7 Novemba 2024, huko Chamazi, Tabora United ile ile iliifunga Yanga 3-1.

Tunamwomba msomaji ajiulize: usiku ule, Tabora ililala ikicheka au ikilia? Tulipowauliza wenyeji tulipata majibu yaliyotufikirisha. Wapo waliocheza ngoma hadi usiku wa manane, lakini sehemu yao walikuwa watu wa Simba waliofurahia msiba wa jirani. Wapo walionuna siku tatu, nao ni wazaliwa wa Tabora, mababa zao wamezikwa Tabora, na timu iliyowauma ndiyo iliyobeba jina la mji wao. Mwaka uliofuata Yanga ilikwenda Tabora kwa mchezo wa marudiano ikashinda, na wenyeji hao walishangilia bila haya katika uwanja wao.

Hatuwalaumu. Mapenzi ya miaka hamsini hayafutwi kwa mchezo mmoja. Lakini tunawauliza wakubwa: timu ya mji itapendwaje ikiwa haikai na jina moja? Ilikuwa Kitayosce, ikawa Tabora United, na mwaka 2025 ikachukua jina la TRA United, yaani jina la Mamlaka ya Mapato. Taasisi ya umma kulea timu ni jambo la heri; Reli ya Morogoro ililelewa hivyo, na Pamba ya Mwanza vivyo hivyo. Hata hivyo mtoto wa Gongoni aliyeandika "Tabora" kwa mkaa nyuma ya fulana yake sasa ataandika nini? Tunawashauri wenye dhamana, kwa heshima zote, wautafutie mji nafasi hata ya neno moja katika jina hilo. Gharama yake ni rangi tu.

Na uwanja. Uwanja wa Tabora unaitwa Ali Hassan Mwinyi, jina la mtu wetu, aliyekuwa Rais wa Zanzibar mwaka 1984 hadi 1985, kisha Rais wa Muungano hadi 1995, akafariki tarehe 29 Februari 2024 na kuzikwa Mangapwani. Ni mali ya Chama, kama vilivyo viwanja vingi vya mikoani. Kwa hiyo katika suala la nyasi zake, vyoo vyake na mageti yake hatuna wa kumnyooshea kidole isipokuwa nafsi zetu. Tabora ni mji ambao mwaka 1958 ulishuhudia TANU ikifanya uamuzi wa busara wa kuingia katika uchaguzi wa kura tatu; haushindwi kuamua kwamba watoto wa shule waingie uwanjani bure siku za michezo isiyo ya Simba wala Yanga. Tunaamini mtoto aliyeona bao la nyumbani kwa macho yake hatalisahau kwa sababu ya bao la kiooni.

Kuhusu tamthilia tutasema machache. Zamani watu wa Bara waliifuata Isidingo ya Afrika Kusini kwa Kiingereza, wengi wakikisia maneno. Halafu ikaja Sultan ya Waturuki, iliyotiwa sauti za Kiswahili, na nyumba zikanyamaza. Tunakiri inatuchekesha kuona wajukuu wa waliomwondoa sultani mwaka 1964 wakiahirisha chakula cha usiku ili wajue hali ya sultani mwingine. Lakini Kiswahili chake kinasikika vizuri, na bibi wa Kanyenye asiyejua kusoma anaifuata hadithi kutoka mwanzo hadi mwisho. Kama fedha na ufundi vimepatikana wa kukisemesha Kiswahili kisa cha Istanbul, kisa cha Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884 baada ya kuitikisa njia nzima ya misafara, kinangoja nini? Kina vita, kina hila za kasri, kina biashara na usaliti. Mashabiki wa baraza la Isevya wameshatupa hata majina ya waigizaji wanaowafaa, na wamegombana juu yake.

Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027 zilikabidhiwa Tanzania, Kenya na Uganda mwezi Septemba 2023. Watu wengi wa Tabora watazifuata kwa picha. Tunapendekeza kwa uongozi wa mkoa kwamba pambao kubwa la kuonyeshea michezo lisimamishwe ndani ya uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, kiingilio kiwe cha bei ya kibanda, na fedha itakayopatikana inunue mipira na viatu kwa timu za vijana wa kata. Wenye vibanda watalalamika, nao wana haki ya kusikilizwa. Waitwe mapema, wapewe sehemu ya kuuza maji na karanga.