Agoni Haikatai kwa Kiburi

Fundi anayechomelea alumini huwa na mtungi wa agoni pembeni. Gesi hiyo hutokea kwenye ncha ya tochi na kuifunika alumini inayoyeyuka, oksijeni isiifikie. Penye cheche joto ni maelfu ya nyuzi, lakini agoni haiungui wala haishikani na chochote.

Vitabu vya shule vina jibu la haraka: tabaka la nje la gesi bwete kama agoni limejaa elektroni, basi atomi imetosheka. Mtihani utaufaulu kwa jibu hilo, ila lina kasoro. Tabaka la nje la agoni ni la tatu, na tabaka la tatu huweza kubeba elektroni 18. Agoni ina 8 tu humo. Limejaa wapi? Isitoshe, atomi haina tumbo hata itosheke.

Tupige hesabu ya nishati. Ili atomi iungane na nyingine, sharti itoe elektroni, ipokee au ichangie. Sodiamu ina elektroni moja ya nje, na zile 10 za ndani huikinga dhidi ya mvuto wa kiini. Kuing'oa hugharimu kilojuli 496 kwa moli. Agoni ina protoni 18, na elektroni zake 8 za nje, zikiwa karibu umbali mmoja kutoka kwenye kiini, hazikingani vya kutosha. Kila moja imevutwa kwa nguvu, na kung'oa ya kwanza hugharimu kilojuli 1,521. Kwa heliamu ni 2,372. Hakuna elementi inayoipita.

Na kupokea je? Zile nafasi 10 zilizobaki katika tabaka la tatu ziko kwenye ngazi ya juu mno ya nishati. Elektroni mgeni ikifika huko, kiini hakina mvuto wa kuishika. Kuchangia nako kunataka elektroni isiyo na mwenzake, ilhali za agoni zote zimekaa jozi jozi. Basi kila njia gharama yake inazidi faida.

Agoni ilitangazwa na Lord Rayleigh na William Ramsay mwaka 1894 tu, ingawa ni karibu asilimia 1 ya hewa tunayovuta. Ramsay alimpelekea Henri Moissan wa Ufaransa kiasi chake ili aijaribu kwa florini, gesi inayoshambulia karibu kila kitu. Hakuna kilichotokea, na wanakemia wengi wakaona shauri limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Mwaka 1962 Neil Bartlett, akiwa Vancouver, Kanada, alikuwa na gesi nyekundu ya platini na florini iliyoweza kunyang'anya hata molekuli ya oksijeni elektroni moja. Akaangalia takwimu: gharama ya kuing'oa kwa molekuli ya oksijeni na kwa zenoni, gesi bwete nyingine, ni karibu sawa, takriban kilojuli 1,170. Zenoni ina elektroni 54, na zile za nje ziko mbali na kiini. Akaziachia gesi mbili zikutane kwenye joto la kawaida la chumba, na papo hapo ikatokea unga wa manjano.

Kriptoni, nayo gesi bwete, haikukawia kufuata. Agoni iliwashinda wanakemia hadi mwaka 2000, pale watafiti wa Helsinki walipoiunganisha na haidrojeni na florini ndani ya barafu ya agoni yenyewe, kwenye takriban nyuzi 265 chini ya sifuri. Ikipata joto kidogo tu, molekuli hiyo husambaratika.